Leseni Yangu na Ndoto za Watu

Jumatatu, 3 Machi

Familia mbili kabla ya chai ya saa nne. Ya kwanza walilia tu, nikawaacha walie. Ya pili ni mama wa Kakamega aliyefiwa na kaka yake jana usiku. Akaniambia kile ninachoambiwa kila mara: alijua kabla ya simu. Aliota hema limesimamishwa uani kwao na watu wanapanga viti. Akaamka, akaketi kitandani, akangoja simu ilie. Ikalia.

Nikamuuliza kama alimwambia mtu yeyote kabla simu haijalia. Hapana. Wengi huwa hawajamwambia mtu. Ndiyo sababu nina utafiti.

Kazi yangu hapa hospitalini, Upper Hill, ni kuketi na waliofiwa. Mwanasaikolojia wa kliniki, leseni ukutani, nusu ya ofisi inayotazama maegesho ya ambulensi. Sikumbuki wiki iliyowahi kupita bila mtu kuniambia kwamba alijua. Vitabu vyetu vinataka niitikie kwa kichwa na kubadilisha mada. Nimechoka kuitikia kwa kichwa. Watu wazima, wenye akili timamu, wananiambia jambo lilelile mwaka baada ya mwaka, na mimi nijifanye sijasikia? Mimi si kiziwi.

Nusu nyingine ya ofisi ni ya Daktari Mutua. Aliingia kuchukua faili mama akiwa katikati ya ndoto yake. Akasikiliza kidogo, akatoka amekunja uso. Shauri yake.

Jumatano, 5 Machi

Matokeo ya awamu ya kwanza yamefika.

Wacha niandike vizuri ili baadaye nisijidanganye. Watu wangu ni wa kujitolea, wengi kutoka kanisani na familia nilizowahi kuhudumia. Sharti ni hili: ukiota ndoto nzito, unanitumia ujumbe wa sauti kabla hata hujapiga mswaki, kabla hujaongea na mtu. Ijumaa, mtu mwingine anayejua namba zao tu anawapigia na kuwauliza wiki ilikuwaje, kama kuna msiba, ajali, ugonjwa. Yeye hajui nani aliota nini. Kisha waamuzi wawili walio Kisumu, hawajui watu wangu, wanapewa ndoto na matukio, waseme kipi kinalingana na kipi. Nimefunga kila mlango niliouona.

Na ndoto za msiba zimelingana na misiba kuliko bahati inavyoruhusu. Si kidogo, mno! Nilifunga mlango nikacheza peke yangu, mwanamke mzima na kitambulisho cha hospitali shingoni.

Cha kuchekesha ni kwamba mimi mwenyewe sina hicho kipaji. Naota nimechelewa mtihani, basi. Baba alipofariki nilikuwa nimelala fofofo na simu ndiyo iliyoniamsha. Sijui kama haya mambo ni ya kweli. Nataka tu kujua.

Nimetuma muhtasari, pamoja na takwimu, kwa mkutano wa mwaka wa wanasaikolojia unaoandaliwa na Baraza. Neno parasaikolojia, yaani uchunguzi wa mambo kama haya ya kujua kabla, nimeliandika kwenye kichwa chake, waziwazi. Sitalificha kama pombe ya magendo.

Ijumaa, 7 Machi

Wamekataa. Mstari mmoja tu: mada iko nje ya mipaka ya taaluma. Takwimu hawakufungua, najua kwa sababu kiambatisho kina nenosiri na hakuna aliyeniomba.

Nimekasirika mpaka nimeshindwa kula.

Jumanne, 11 Machi

Barua kutoka Baraza, hao wanaotupa leseni. Kuna malalamiko dhidi yangu. Ati nachochea imani za kishirikina kwa wagonjwa walio katika huzuni. Ati natumia jina la saikolojia kufanya uganga. Kikao cha nidhamu ni Alhamisi, tarehe 27, ofisi zao za Westlands. Adhabu inaweza kuwa kufutiwa leseni.

Uganga! Hata nikiandika hivi bado nacheka, kicheko kibaya. Mganga gani anayetafuta waamuzi Kisumu ili wamwambie kama anakosea?

Mlalamikaji ni Mutua. Hakukana. Alikuwa anakoroga chai yake, akaniambia hana ubaya na mimi, taaluma ndiyo anayoilinda. Nikamwambia taaluma ina umri wa kutosha kujilinda. Akaendelea kukoroga. Tutaketi chumba kimoja hivi mpaka tarehe 27, meza kwa meza.

Bila leseni hakuna wodi. Hakuna hata kuketi na mtu na kujiita chochote. Hii ndiyo kazi pekee ninayoijua na ndiyo ninayoipenda. Naogopa. Nimeliandika, sasa niendelee.

Alhamisi, 13 Machi

Nilishuka River Road kumwona Nafula, dada yangu mdogo, kwenye duka lake la mabomba na bati. Wateja walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Alinisikiliza huku akimkatia mtu bomba.

"Sasa wewe unataka kufutwa kazi juu ya ndoto za watu?"

Nikamwambia ni juu ya haki ya kuuliza.

"Haki utakula na ugali? Waombe msamaha, Nasimiyu. Waambie ulikuwa mgonjwa."

Mgonjwa! Yule mteja mwenye bomba akaangua kicheko. Nikanuna. Nafula akaniletea chapati na maharagwe kutoka kwa jirani, akanikalisha juu ya mkebe wa rangi, akasema kama siombi msamaha basi nile nishibe, maana mtu mbishi hapigani na njaa. Nampenda dada yangu lakini ananichosha.

Jumapili, 16 Machi

Kumbe habari zimefika kanisani. Mchungaji ameniita pembeni baada ya ibada. Yeye hana shida na kwamba watu huonyeshwa mambo. Shida yake ni kwamba napima. Kupima ni kumjaribu Mungu, na kama si Mungu basi ni yule mwingine, na huyo hatumpigii hesabu.

Kwa Baraza mimi ni mshirikina kwa sababu nasikiliza. Kwa mchungaji mimi ni kafiri kwa sababu nahesabu. Aki hawa wawili wangekutana wakaniacha nipumzike.

Jumanne, 18 Machi

Profesa Anyango alinialika chai, Westlands, mkahawa wa ghorofani ule wenye viti visivyokalika. Ndiye aliyenifundisha takwimu. Ndiye pia mwenyekiti wa kikao cha tarehe 27, kwa hiyo hatukupaswa kuonana, na sote tulijua.

Aliniita binti yangu. Akanieleza polepole, kama zamani darasani. Kwamba taaluma yetu hapa nchini bado inatambaa. Madaktari wa ghorofa za juu bado wanauliza sisi ni nani, tunatibu nini, kwa kipimo gani. Kijijini kwake yeye mwenyewe bado wanadhani anasoma viganja. Miaka yote amepigana ili mwanasaikolojia apewe ofisi hospitalini, mlango wake, jina lake kwenye faili. Sasa mimi naingia na ndoto za mahema. Kesho gazeti litaandika nini? Alisema, "Huko nje ya nchi wanaweza kucheza na haya mambo, wao hawaitwi waganga."

Nilimwelewa. Hilo ndilo limeniudhi zaidi. Ningependa angekuwa mjinga ili niende zangu nikiwa na amani.

Nikamjibu kwamba huko nje nako wamefukuzana kwa jambo hilihili tangu taaluma ianze. Kuna wataalamu walioketi gizani na waaguzi wa mizimu wakadanganywa mchana kweupe. Kuna pia waliojifunza humo namna ya kumziba mwamuzi macho asijipendelee, na leo sote tunatumia mbinu hizo na kujifanya zilitoka mbinguni. Nikamwambia: Prof, ulitufundisha kwamba swali halina aibu, jibu ovyo ndilo lenye aibu. Akasema alikuwa kijana aliposema hivyo.

Nimetembea mpaka Waiyaki Way. Jua kali, jam imesimama, honi kila upande. Sikupanda chochote. Nilitembea tu mpaka Kangemi, viatu mkononi sehemu ya mwisho.

Ijumaa, 21 Machi

Utetezi nimewasilisha. Kurasa nyingi kuliko walivyoomba. Nguzo yake ni yale matokeo. Nimeandika kwamba kama ndoto za watu wa kawaida zinalingana na misiba kwa kiwango hiki, kutouliza ndiko utovu wa maadili. Nimeisoma kwa sauti jikoni nikajipigia makofi.

Mutua leo kaniuliza kama nina gundi. Nikampa.

Jumapili, 23 Machi

Nimejisikia vibaya tangu saa tisa alasiri na naandika ili nijue kwa nini.

Nilikuwa nafua. Simu ikalia: nimeingizwa kwenye grupu la WhatsApp la kuchangia mazishi. Marehemu ni shemeji ya mtu tuliyeimba naye kwaya zamani. Simjui. Hata sura sijawahi kuiona. Kamati imeshaundwa, kuna mweka hazina, kuna mkutano Jumatano kwenye hoteli moja mjini. Nikatuma pole kama kawaida, nikarudi kwa ndoo.

Kisha nikasimama na shati mkononi. Wiki hii ni grupu la pili. Wiki jana lilikuwepo lingine, mama mkwe wa jirani wa zamani. Wiki ya kabla yake, mtu wa chama cha ushirika cha Nafula. Mluhya gani wa Nairobi anayemaliza wiki bila kuingizwa kwenye grupu la mazishi? Tunajuana hivyo. Ndivyo tunavyorudisha watu nyumbani, kila mtu anamvuta kila mtu.

Na yule msaidizi wangu huwauliza Ijumaa: kuna msiba wiki hii?

Ee Mungu wangu. Nani atasema hapana?

Mimi nilipopiga hesabu ya bahati, nilihesabu misiba ya familia. Baba, mama, ndugu, binamu. Kitu cha nadra. Lakini wao walijibu kwa misiba yote, hata ya shemeji wa mwanakwaya. Ota hema siku yoyote unayotaka, kabla ya Ijumaa grupu limekukuta.

Shati limebaki kwenye ndoo.

Jumatatu, 24 Machi

Nimechukua ndoto za kila wiki nikazioanisha na matukio ya wiki nyingine kabisa, wiki isiyohusika. Nimewatumia waamuzi Kisumu, bila kuwaambia nimevuruga. Kama ndoto ziliona kitu, sasa zikose. Kama zinalingana vilevile, sina kitu.

Mvua ya kwanza imepiga leo. Wodi ilinuka makoti mabichi.

Jumatano, 26 Machi

Zinalingana vilevile.

Nilitoka ofisini nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, zile za wapishi. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Hasira na mimi mwenyewe. Mtu wa Bungoma, aliyezaliwa katikati ya matanga, nikapiga hesabu ya misiba kama mtu wa Uswisi!

Kesho ndiyo kikao. Utetezi wangu uko mezani kwao, na nguzo yake ni uji. Hakuna atakayegundua. Mutua takwimu zinampita, Prof hajafungua data, wengine watatazama saa. Nikinyamaza, naweza kuwatia kigugumizi kwa ile namba, na pengine leseni ikapona. Nikisema, nawapa kamba na kuwaonyesha shingo.

Nafula amepiga simu. Nimemweleza. Akauliza: "Na si unyamaze tu?" Nikamwambia nikinyamaza watakuwa wamesema kweli, nitakuwa mganga. Akasema Mungu wangu, huyu mtu. Kisha akaniuliza nitavaa nini.

Nitavaa suti ya bluu. Na nitasema.

Alhamisi, 27 Machi

Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Lifti mbovu, nikapanda ngazi, nikafika nimeloa jasho. Meza ndefu, maji ya chupa, watu watano upande ule na mimi upande huu. Mutua pembeni, tai mpya. Profesa Anyango hakunitazama. Akasema tuanze kwa neno la maombi, akamwomba Mutua atuongoze. Mlalamikaji! Akasimama, akafumba macho, akamwomba Bwana ashuke kati yetu, atufunulie yaliyofichika. Nikasema amina kwa sauti kuliko wote.

Malalamiko yakasomwa. Uganga, ushirikina, wagonjwa walio hatarini. Nikaulizwa nina la kusema.

Nilianza na maombi. Nilisema sina ugomvi nayo, nami ni mtu wa kanisa. Lakini kumbukumbu za kikao hiki zitaandika kwamba tumemwomba asiyeonekana atufunulie yaliyofichika, na hakuna aliyeona hilo liko nje ya mipaka ya taaluma. Likiwa la mgonjwa wangu linaitwa ushirikina. Mimi sikuomba lolote zaidi ya kulipima. Mzee mmoja mwenye miwani alikohoa. Shingo ya Mutua ikaiva.

Kisha nikasema lile la pili. Nikawaomba wafungue ukurasa wenye matokeo. Nikawaambia wayakate, si ya kweli. Nikawaeleza grupu za mazishi. Nikawaeleza nilivyovuruga wiki na ndoto zikalingana vilevile. Yule wa miwani akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema yeye leo asubuhi ameingizwa kwenye mbili.

Mutua alikuwa anatabasamu mpaka masikio. Akasema basi tumemaliza, mwenyewe amekubali.

Nikamwambia kaa chini, Daktari, sijamaliza. Hivi kweli nilisema, mbele ya Baraza. Nikasema nimekubali kosa la hesabu, na nimelikamata mimi, si nyinyi. Nyinyi mngeweza kulikamata tangu mwanzo wa mwezi, data ilikuwa kwenu. Hamkuigusa kwa sababu ina jina baya. Kwa hiyo mlikuwa sahihi bila kujua kwa nini, na hiyo ndiyo namna waganga wanavyokuwa sahihi.

Nadhani hapo niliwapoteza. Sijali. Hapana, najali, lakini ningesema tena.

Wakatoka, wakarudi. Karatasi ikasukumwa mbele yangu. Tamko. Nikisaini, malalamiko yanaondolewa na leseni inabaki safi. Tena nitaalikwa kwenye mkutano wa mwaka kueleza nilivyoivunja parasaikolojia kwa takwimu. Yaani wiki tatu zilizopita nilikuwa uchafu, leo mimi ni ushahidi.

Nilisoma polepole. Mistari ya kwanza ningeweza kuimeza. Kisha ukaja huu: nakiri kwamba kuwauliza wagonjwa juu ya ndoto na maono ni utovu wa maadili. Nikaweka kalamu chini.

Profesa Anyango akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nasimiyu. Saini. Ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, Prof, mbona mnaitaka?"

Niliirudisha mikononi mwake badala ya kuisukuma mezani, kwa sababu ni mwalimu wangu. Nikawaambia swali lilikuwa zuri, jibu la safari hii ni hapana, na nitauliza tena vizuri zaidi. Kisha nikashuka ngazi zote zile.

Nimekula chipsi peke yangu barabarani kama mwanafunzi. Zilikuwa tamu ajabu.

Ijumaa, 28 Machi

Mutua hajasema hata salamu. Vizuri.

Alhamisi, 3 Aprili

Bado hakuna uamuzi. Mvua kila siku. Nimebadilisha swali la Ijumaa. Badala ya "kuna msiba" ni "amefariki mtu uliyewahi kula naye meza moja". Nimefuta ndoto zote za zamani nianze upya. Watu wangu wa kujitolea nimewaambia ukweli, kwamba awamu ya kwanza haikuona kitu. Nilidhani watakimbia. Wachache walinuna, mmoja aliniambia nimerogwa na vitabu. Wengine wameendelea kutuma.

Usiku silali vizuri. Naiona leseni ukutani na naihesabu kama kitu cha kuazima.

Jumanne, 8 Aprili

Barua pepe ya Baraza, saa sita mchana.

Leseni haijafutwa. Onyo la maandishi, litakaa kwenye faili langu. Nimepigwa marufuku kumuuliza mgonjwa yeyote, kwa namna yoyote, kuhusu ndoto, maono au hisia za kujua kabla. Mgonjwa akiyataja mwenyewe, nielekeze mazungumzo kwingine. Nikivunja sharti hili mara moja, leseni inaondoka bila kikao. Msimamizi wa karibu atakuwa Daktari Mutua.

Kwa watu wa kujitolea hawakusema kitu, maana si wagonjwa. Wameniachia utafiti na kuninyang'anya masikio.

Nafula anasema nimeshinda, niache kujililia, leseni si iko ukutani? Ameniahidi kuku Jumapili. Nilijaribu kufurahi. Nimeisoma ile barua tena na tena, na kila nikifika kwenye "nielekeze mazungumzo kwingine" naiweka simu chini. Kwingine wapi? Hali ya hewa?

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nimetii. Binti mdogo, amefiwa na nyanya yake. Akaanza, "Juzi niliota..." Nikamuuliza analala saa ngapi. Akajibu saa tatu. Hakusema tena la maana mpaka akaondoka.

Mutua aliandika kitu kwenye kijitabu chake, akaridhika. Mimi nilienda chooni nikanawa uso. Nimejichukia leo kuliko siku ile ya ngazi za wapishi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua ilikatika kabla ya mapambazuko. Wodi tulivu.

Saa tatu wameniletea mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kawangware. Mkewe amefariki alfajiri, figo. Mtu mrefu, shati limepigwa pasi vizuri, aliketi na kofia magotini. Mutua alikuwa mezani kwake.

Tuliongea kidogo juu ya watoto, nani yuko nao. Kisha akasema kuna kitu kimemkaa lakini akikisema nitamwona mwendawazimu, na huyu bwana pia. Akamwangalia Mutua. Ni jambo la Jumamosi, akasema, wakati mkewe alikuwa bado anaongea vizuri. Akasema tuache tu, si la hospitali.

Nikasikia kiti cha Mutua kikigeuka.

Nilivuta changu nikakaa karibu na mwalimu, goti kwa goti, mgongo kwa ile meza nyingine. Nikamuuliza aliota nini Jumamosi. Nilisema polepole, kila neno likasikika mpaka dirishani.

Akafuta uso kwa kofia. Akaanza tangu mwanzo.